Mchumaji Hula Kwanza

Temeke, Dar es Salaam
18 Novemba 1975

Dada Eufrazia,

Shikamoo. Mpe Mama shikamoo yake kabla hujasoma mstari wa pili, maana nakujua, utaisoma yote kimoyomoyo halafu umsimulie kile unachotaka wewe. Sie huku tuko wazima. Romani bado yuko bandarini, na vitumbua vyangu bado vinanunuliwa, ingawa mchele siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi. Tunakula ugali wa yanga, haya mahindi ya njano ya msaada, mpaka tumeusahau ule mweupe.

Sasa kaa chini nikupe habari. Ule uyoga mkavu uliompa Mwishehe dereva aniletee mwezi wa nane umenifungulia mlango. Jirani yangu Demetria alijifungua akabaki hoi, hali, halali, akisimama miguu inatetemeka. Nikampikia supu ya uyoga wa kichuguu kama Mama alivyokuwa akiwapikia wazazi pale kwetu. Wiki ya pili mtu anateka maji bombani mwenyewe! Shemeji yake, Ndugu Revelian, Mhaya, msomi, anafanya kazi kwenye maabara ya utafiti. Akaja na daftari kuniuliza ni uyoga gani na nani anayeujua. Anasema uyoga wa porini unaoliwa huenda una dawa ndani yake, ila hakuna aliyekaa akauchunguza.

Nikamwambia, "Mie naujua. Mama alinifundisha."

Usinikasirikie, Dada. Lilinitoka tu. Sasa wameniandika kazi. Kila Alhamisi gari la maabara linatuchukua mpaka maporini Kibamba, mie natambua, wao wanaweka kwenye mifuko ya karatasi. Kwa hiyo naomba uniandikie yote ya Mama: upi unaliwa, upi unatibu nini, na dalili zake. Mie ninalolikumbuka ni moja tu, kwamba mchumaji hula kwanza, na wengine wanasubiri mpaka kesho yake. Mengine yote yalikuwa yako.

Mdogo wako,
Sesilia


Kijiji cha Ujamaa Namilembe, Masasi
6 Desemba 1975

Mdogo wangu Sesilia,

Marahaba. Barua hii naandika kwa mkono wangu, siyo mkono wa Mwalimu Albano. Niko hatua ya tatu ya kisomo cha watu wazima. Ukiona herufi zimepinda, kumbuka kwamba ulipokuwa misheni unafundishwa kuzinyoosha, mie nilikuwa porini nimebeba kikapu nyuma ya Mama.

Eti Mama alikufundisha! Makubwa haya. Wewe uliyekuwa unaziba pua ukisema uyoga unanuka udongo wa kaburi? Wewe uliyelia siku Mama alipokushika mkono auingize kwenye kichuguu, ukasema kuna nyoka? Nimecheka peke yangu jikoni, kisha sikucheka tena.

Haya, mie sina choyo. Andika kwenye daftari lako la kizungu. Uyoga wa masikio, ule unaoota kwenye magogo, mlaini kama sikio la mtoto, Mama huuchemshia mtu mwenye koo bovu. Uyoga wa njano wa chini ya miti ya miombo, wenye harufu ya tunda, ni wa mtu aliyepungukiwa damu, unapikwa na karanga. Ule mdogo mweupe unaotoka kwa mamia baada ya radi ni wa kula tu, lakini Mama humpa mtoto anayechelewa kutembea. Unachumwa asubuhi, na kila unapochuma unaacha wa mbegu.

Ule mkubwa wa kichuguu sikuandikii. Huo si ndio uliompikia jirani yako akapona? Basi unaujua.

Tangu tuhamishiwe kijijini vichuguu vyetu viko mbali, natembea saa mbili kwenda na mbili kurudi. Mguu wa Mama umevimba tena. Kila siku ananiuliza wewe umekula nini. Mie ninayempikia uji haniulizi.

Dada yako,
Eufrazia


Temeke
2 Januari 1976

Dada,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Barua yako imefika na imenisaidia kuliko unavyodhani. Uyoga wa masikio tumeupata kwenye mwembe uliooza njiani Kibamba, tukaupeleka maabara. Laiti ungeona wanavyofanya! Wanaukausha, wanausaga, wanauloweka, kisha wanadondosha tone kwenye kisahani chenye vijidudu vya vidonda. Wanafunika. Baada ya siku mbili wanafunua kuangalia. Katika visahani vitano, viwili vilikuwa na duara safi pale tone lilipoangukia, vijidudu vimekufa. Ndugu Revelian alipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio. Lakini anatuonya: tusiseme dawa, tuseme tunachunguza. Mtu akiumwa aende hospitali.

Nimepewa koti jeupe. Romani ananitania, ananiita Daktari, anataka nimpime mapigo ya moyo kila akirudi kazini.

Walikuja watu wa gazeti. Nakutumia kipande nilichokikata, mie ndiye huyo mwenye kilemba, nimeshika kikapu. Msomee Mama, afurahi.

Nakuonea wivu, Dada, nikwambie kweli. Una watoto wanne. Una Mama hapo mlangoni. Mie miaka saba nimeolewa na nyumba iko kimya, na Mama nilimwona mara ya mwisho siku ya mazishi ya Baba. Mama aliponipeleka misheni nilikuwa na miaka minane. Nililia wiki nzima nikijua kwamba huku nyumbani unalala naye kitanda kimoja.

Sesilia


Namilembe
25 Januari 1976

Sesilia,

Marahaba, kama ulinisalimu.

Kipande chako cha gazeti hakikunifikia mie. Mwishehe alimkabidhi Mwalimu Albano, na Mwalimu kwa furaha zake akakisoma mbele ya darasa zima la kisomo, watu arobaini, Mwenyekiti wa kijiji amekaa mbele. "Bibi Sesilia Kasiani, binti pekee na mrithi wa maarifa ya mama yake, Bibi Felicitas wa Masasi."

Binti pekee! Watu arobaini wakageuza shingo kuniangalia. Mie ni nani basi, Sesilia? Mpangaji? Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Asiyekuwepo na lake halipo," wakacheka. Nikaokota ubao wangu nikatoka. Nilikuwa nimebakiza mtihani mmoja nipate cheti.

Mie ndiye niliyeumwa na siafu. Mie ndiye niliyelala na njaa kwa kuonja uyoga nisioujua, kipande kidogo ncha ya kisu, nasubiri mpaka kesho yake kuona kama nitaamka. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi. Mama alikaa macho ameniwekea mkono kifuani. Mkono ule ndio elimu yangu, mie sikupewa nyingine. Wewe ulipewa shule, ulipewa mji, ulipewa mume mpole, na sasa umenyoosha mkono umechukua na hiki kimoja. Ungebakiza kitu!

Halafu unaniandikia eti unanionea wivu. Njoo basi tubadilishane. Njoo ukamue usaha kwenye huu mguu wa Mama, na mie nivae koti jeupe.

Picha nimemwonyesha Mama. Ameiweka chini ya mto.

Eufrazia


Temeke
20 Machi 1976

Dada yangu Eufrazia,

Shikamoo sana.

Nimekaa karibu miezi miwili kalamu inanishinda. Sikusema mie ni binti pekee. Yule kijana wa gazeti ndiye aliyesema, akaniangalia kama anauliza, nami nikanyamaza. Ningeweza kusema "hapana, yupo dada yangu, yeye ndiye anayejua." Nikaogopa watasema basi tumlete huyo dada. Hiyo ndiyo kweli yote na ninaiona aibu. Tafadhali rudi kisomo ufanye mtihani wako.

Sasa nina shida, na nakuomba usiipime kwa makosa yangu. Masika yameanza. Kibamba, kwenye uwanda wa nyasi karibu na mikorosho, umetoka uyoga mkubwa mweupe, kofia pana kama sahani ya kulia, na madoa ya kahawia katikati. Mie naona ni ule wetu wa kichuguu. Wenzangu wanasema mie ndiye mwenye neno la mwisho. Tarehe ishirini na tano Aprili maabara inapokea wageni kutoka wizarani, na Ndugu Revelian anataka wapikiwe uyoga wetu waone kwamba ni chakula na tena chakula chenye faida. Ule wa kichuguu ndio utakaokuwa mbele, kwa sababu ya habari ya Demetria.

Je, ni wenyewe? Mama alikuwa anautambuaje? Kichuguu pale sikukiona, lakini labda kimefukiwa. Siwezi kumwambia Ndugu Revelian kwamba sijui. Nikisema sijui huu, atauliza nini kingine sijui.

Jumapili ya Matawi nitaupika kwanza hapa kwangu, nionje, kabla ya kuwapikia watu. Kwa hiyo nahitaji jibu lako kabla ya hapo. Mwishehe anakuja Masasi na lori, nimemwomba alale siku moja asubiri barua yako. Kwa Mama nimempa chumvi, sabuni na khanga. Kwako pia khanga, yenye rangi uliyoipenda.

Mdogo wako anayekutegemea,
Sesilia


Namilembe
2 Aprili 1976

Sesilia,

Khanga nimeiona. Nimempa Mama zote mbili.

Unaniuliza uyoga. Ajabu! Si umeandikwa gazetini kwamba wewe ndiye mrithi? Liulize gazeti. Wewe ndiye mwenye neno la mwisho, basi litamke.

Mwishehe ana haraka, na mie nina jembe linanisubiri.

Eufrazia


Namilembe
5 Aprili 1976

Sesi,

Mwishehe ameondoka juzi asubuhi. Jana nilikimbia mpaka barabarani nikidhani labda lori limekwama, nikakuta vumbi tu. Barua hii naipeleka misheni kwa miguu, wao wana mfuko wa posta. Wanasema Rufiji imefurika na magari yamelala kivukoni siku ya nne, lakini huenda mfuko ukavushwa kwa mtumbwi. Naomba Mungu uvushwe.

USILE. Soma vizuri. Uyoga wa kichuguu hautoki kwenye nyasi tupu. Una mzizi. Ukiuchimba kwa kijiti taratibu unashuka mrefu, kiganja na zaidi, mpaka ndani kwa mchwa. Kama shina limeishia juu juu kwenye udongo na chini limevimba kama kitunguu, siyo wenyewe. Geuza kofia uangalie chini yake, pale palipopangwa kama kurasa za daftari. Wetu kurasa zake ni nyeupe zinazoelekea rangi ya waridi. Huo mwingine ukiuacha nusu siku kurasa zinageuka kijani. Huku kwetu upo mchache, unaota penye mavi ya ng'ombe, na Mama huuponda kwa kisigino asije mtoto akauokota. Watu wa kwetu wanaohamia pwani ndio wanaopatikana, kwa sababu wanauona wanasema, loo, uyoga wa nyumbani!

Kama una shaka hata chembe, usile, na usimpe mtu. Mwambie huyo Mhaya hujui. Hakuna aliyekufa kwa kusema hajui.

Usile, Sesi.

Eufrazia


Temeke
14 Aprili 1976

Shemeji Eufrazia,

Shikamoo. Mimi ni Romani. Naandika bila Sesilia kujua, kwa sababu tangu juzi anarudia neno moja, "Msimwambie Dada." Lakini nimeona si haki ndugu akiwa katika hali hii nyie mkae bila habari.

Jumapili tulirudi kanisani na matawi yetu. Akapika ule uyoga wa Kibamba. Mimi nilitaka kuonja akanipiga mwiko mkononi, akasema kwao mchumaji hula kwanza na hakuna ruhusa. Akala bakuli zima. Alikula akiniangalia anacheka, akasema, "Mama angeniona leo."

Hazikupita saa tatu. Ametapika, Shemeji, mpaka kukatoka damu. Tumbo likamwendesha hata nguvu ya kukaa akakosa. Demetria na mimi tulimbeba kwenye mkokoteni mpaka njia kuu. Ametundikiwa maji siku ya tatu leo. Daktari anasema moyo uliyumba sana, na ilibaki kidogo. Tena kuna jambo jingine ambalo sisi wawili tulikuwa hatujui. Alikuwa na mimba ya miezi miwili. Nasema alikuwa.

Ndugu Revelian amekuja hospitali, amekaa kwenye benchi amejishika kichwa. Anajilaumu yeye. Wageni wameandikiwa wasije.

Jibu lako alilipata Ijumaa kwa mkono wa Mwishehe, aliyeacha lori kivukoni akavuka Rufiji kwa mtumbwi. Nilimwuliza, "Dada kasemaje?" Akasema, "Dada kasema mie ndiye ninayejua." Nilifurahi wakati ule. Nilidhani mmepatana.

Mfariji Mama.

Shemeji yako,
Romani


Temeke
9 Mei 1976

Dada,

Sikuamkii leo. Utanisamehe.

Niko nyumbani. Natembea kwa kushika ukuta. Demetria ananipikia, zamu yake sasa.

Barua yako ya pili imefika tarehe tatu Mei. Bahasha imelowa na wino umechuruzika, lakini lile neno kubwa linasomeka vizuri. Nimeisoma mara nyingi. Mzizi. Kitunguu. Kijani. Nikamtuma Romani alete mfuko wa karatasi wenye uyoga tuliousahau mlangoni siku ile. Umekauka, lakini kurasa zake ni za kijani, Dada, kijani kabisa.

Kisha nikaweka barua zako mbili pamoja mezani. Moja ya tarehe mbili. Moja ya tarehe tano. Katikati hapo ni siku tatu. Hukwenda popote kujifunza siku hizo tatu. Mama hakukufundisha hizo siku. Ulichokijua tarehe tano ulikijua tarehe mbili, wakati Mwishehe amesimama uani kwako anasubiri.

Na ulijua jambo la pili. Nilikuandikia kwamba nitaupika Jumapili ya Matawi. Unajua kwetu nani anakula kwanza.

Watu wananiambia ni ajali. Romani anasema ni ajali, Padri anasema mapenzi ya Mungu. Mie sitaki waniambie wao. Nakuuliza wewe swali moja, na usiniandikie habari za gazeti wala za shule wala za mguu wa Mama. Siku ile unaandika "liulize gazeti," ulijua ule uyoga ni wa sumu?

Jibu ndiyo au hapana.

Sesilia


Namilembe
30 Mei 1976

Sesilia,

Ndiyo.

Nilijua tangu niliposoma "uwanda wa nyasi." Sikuhitaji kumaliza mstari.

Nitakwambia nilivyofikiri, siyo nijitetee, ila usije ukawaza mabaya zaidi ya yaliyokuwepo, ingawa yaliyokuwepo yanatosha. Sikutaka ufe. Nilitaka uumbuke. Nilikuona umesimama na koti lako mbele ya wasomi, tumbo linakukata, na yule Mhaya anasema, kumbe huyu hajui kitu, yuko wapi anayejua? Nikajisikia vizuri, Sesi. Ni aibu kuyaandika, lakini siku ile nilijisikia vizuri. Nilikwenda shamba nikilima naimba. Siku ya pili nikaanza kukumbuka kwamba Mama aliwahi kusema mtoto wa jirani alikufa kwa ule. Siku ya tatu ndipo nikakimbia barabarani. Mimba nisingeweza kuijua, lakini hilo halinisaidii, maana nilijua wewe ndiye utakayeula kwanza.

Barua ya Romani nilimsomea Mama yote. Akauliza kwa nini sikukuandikia mapema. Ningeweza kumdanganya, yeye hajui kusoma. Nikamtajia barua yangu ya tarehe mbili neno kwa neno, kama nilivyoiandika. Kesho yake alfajiri nilimkuta hayupo kitandani. Amekwenda porini kwa mguu ule ule, anajikokota na fimbo. Nilimfuata nikasema, Mama, nipe kikapu nikubebee. Akakikumbatia.

Akasema, "Kumfundisha mtu uyoga ni kumfundisha asiue. Wewe sikukufundisha. Ulinifuata tu."

Tangu siku ile uji wangu haupokei. Anapelekewa na mke wa Mwenyekiti. Kisomo nilirudi, nimefaulu, nimepewa cheti mbele ya watu. Nimekifungia sandukuni.

Sijui nikuombe nini. Msamaha neno dogo. Ukitaka kumwambia Romani, mwambie. Ukitaka kumwambia Padri, mwambie. Mie nilishamwambia wa hapa.

Eufrazia


Temeke
27 Juni 1976

Dada Eufrazia,

Shikamoo.

Nimekaa na jibu lako wiki mbili. Nilitaka kulichana, nikataka tena kulisoma. Romani nimemwambia. Alitoka nje akakaa barazani mpaka uji ukapoa, akarudi akasema, "Ni dada yako. Utakaloamua wewe ndilo langu." Kwa hiyo ninaloandika hapa ni langu.

Nakushukuru kwa ile ndiyo. Ungesema hapana ningekuchukia mpaka kaburini, kwa kuwa ningejua unadanganya.

Mie nami nilikwenda kwa Ndugu Revelian nikavua koti. Nikamwambia yote: kwamba sikufundishwa, kwamba nilikuwa nakuandikia wewe na kutamka maneno yako kana kwamba yangu, na kwamba pale Kibamba nilikuwa nabahatisha na roho za watu. Nilidhani atanifukuza. Aliniuliza tu, "Huyo dada anaandika?" Nikasema anaandika, ana cheti. Nikampa barua yako ya tarehe tano. Ameinakili yote kwa mkono wake, mzizi na kitunguu na kurasa za kijani, akaandika juu yake jina lako kamili, Eufrazia Kasiani. Kwenye ripoti yao ndivyo litakavyokaa. Jina langu nimemwomba alifute.

Wanakutaka. Wanasema kazi hii haiwezi kuendelea bila mtu anayejua kutofautisha, na wengine watakufa wakiokota uyoga wa nyumbani mahali ambapo siyo nyumbani. Barua yao ya kazi nimeiweka ndani ya hii, ina muhuri. Vile visahani vinakusubiri. Koti ni lile lile, nimelifua, wewe ni mrefu kuliko mie lakini pindo lipo la kushusha.

Umsomee Mama barua hii yote, usimpunguzie. Mwambie nimesema mwenyewe kwamba uje. Kama bado hapokei uji wako, mwambie apokee kwa ajili yangu, maana njaa ya Mama hainisaidii kitu.

Mwishehe anaondoka Masasi tarehe kumi na mbili Julai. Panda naye. Utakaa hapa kwetu, hakuna haja ya kutafuta chumba. Nimekuandalia kitanda kwenye kile chumba cha nyuma tulichokipaka chokaa mwaka jana, tukiwa na matumaini yetu. Watu wakiuliza nitasema wewe ni dada yangu mkubwa, tuko wawili kwa Mama.

Ila jikoni utaniachia, Dada. Chakula changu nitakuwa napika mwenyewe.

Mdogo wako,
Sesilia